Mtoto anatetemeka akisikia neno hesabu: hawezi, au anaogopa tu?

#1 Mama Zai
Habari wakuu. Binti yangu yuko darasa la nne. Kusoma hana shida kabisa, hadithi anaimaliza na kukusimulia upya vizuri. Tatizo ni hesabu. Jioni nikisema "haya, lete daftari la hisabati" anabadilika palepale: tumbo linamuuma, mara anataka maji, mara kalamu haionekani. Akikaa anaanza "sijui, sijui" kabla hata hajalisoma swali.

Kinachonichanganya ni hiki: tukicheza karata anajumlisha pointi kichwani haraka kuliko kaka yake. Ukimwekea karatasi mbele, hata 9 + 6 anarudi kwenye vidole. Mwalimu wake anasema atazoea tu.

Naomba kuuliza: hofu ndiyo inamfanya asiweze, au hawezi ndiyo maana anaogopa? Nianzie wapi?

#2 Kipanga
Naweka kambi hapa. Wa kwangu naye ni hivyohivyo.

#3 Nondo Moja
Hakuna cha hofu hapo, mazoezi hayatoshi. Akilishika jedwali la kuzidisha mpaka la 12 utaona woga unakimbia wenyewe. Siku hizi mtoto akishindwa kitu kidogo tunamtafutia jina la ugonjwa.

#4 Mdadisi
Nondo Moja, si jina la jana hilo. Mwaka 1957 watafiti wawili wa Marekani, Dreger na Aiken, walishaandika kuhusu wanafunzi wenye wasiwasi wa namba, na 1972 Richardson na Suinn wakatengeneza dodoso la kuupima. Kwenye PISA ya 2012, ule mtihani wa kimataifa wa vijana wa miaka 15, asilimia 59 walisema mara nyingi wana wasiwasi kwamba somo la hisabati litawawia gumu. Asilimia 33 walisema hukakamaa wakifanya kazi ya nyumbani ya hisabati. Hao wote wamedekezwa?

Mama Zai, maelezo ninayoyaamini ni ya mwanasaikolojia Mark Ashcraft. Ukifanya hesabu, akili inashikilia vitu vichache kwa wakati mmoja: namba uliyobeba, hatua uliyofikia, ulichoulizwa. Nafasi hiyo ni ndogo kwa kila mtu. Sasa mtoto anayejisemea "nitakosa, watanicheka" anaijaza nafasi ileile kwa maneno hayo, hesabu inakosa pa kukaa. Kwenye karata hana maneno hayo kichwani, ndiyo maana anawaka.

#5 Nondo Moja
Mdadisi akianza kutaja miaka mjiandae kukaa 😂 Ila umenisaidia. Kama nafasi ni ndogo, basi 7 × 8 ikiwa imeshakaa kichwani haili nafasi yoyote. Turudi kwenye jedwali.

#6 Mdadisi
Hapo kweli sina ubishi na wewe. Ubishi uko kwenye namna ya kulifundisha.

#7 Mwalimu Mstaafu
Salaam. Nimefundisha hisabati madarasa ya chini karibu maisha yangu yote ya kazi. Kabla hatujaamua ni hofu au si hofu, namwomba Mama Zai atuwekee hapa hesabu chache alizokosa binti, kama alivyoziandika mwenyewe. Usizisahihishe.

#8 Nyota ya Jioni
Shikamoo mwalimu. Karibu uzini.

Mimi naiona tofauti kidogo. Hofu ya hesabu inaambukizwa, na mara nyingi inaanzia nyumbani. Mzazi anasema mbele ya mtoto "hata mimi hesabu zilinishinda", anafikiri anamfariji. Mtoto anasikia kwamba ukoo mzima haziwezi. Kuna utafiti wa 2015 wa kina Erin Maloney na Sian Beilock, ulifuatilia watoto 438 wa madarasa mawili ya mwanzo. Wazazi wenye hofu ya hesabu waliposaidia sana kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza kidogo zaidi mwaka ule, na walimaliza wakiwa na hofu kubwa zaidi. Mzazi mwenye hofu ambaye hakuwa akisaidia mara kwa mara, athari hiyo haikuonekana.

#9 Kipanga
Kwa hiyo dawa ni kutosaidia? Basi mimi ni mzazi bora kuliko wote humu.

#10 Nyota ya Jioni
Acha utani kaka. Sijasema hivyo. Mwaka uleule kundi hilohilo la watafiti, kule Chicago, liliwapa familia programu ya kwenye tableti yenye kihadithi kifupi na maswali ya namba ya kusoma pamoja na mtoto kabla ya kulala. Watoto 587 wa darasa la kwanza. Waliopiga hatua zaidi ni hasa wale ambao wazazi wao ndio wanaoogopa hesabu. Maana yake mzazi yule anafaa, mradi apewe kitu cha kushika ambacho hakimgeuzi askari wa daftari.

#11 Mama Zai
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Hizi hapa za juzi, zote kaandika mwenyewe:

58 − 23 = 35 (pata)
62 − 35 = 33 (kosa)
403 − 178 = 375 (kosa)
700 − 256 = 556 (kosa)

Aliandika haraka haraka, akafunika daftari kwa mkono.

#12 Nondo Moja
Nne kapata moja. Mazoezi.

#13 Mwalimu Mstaafu
Marahaba wote. Nondo Moja, soma tena hizo hesabu kwa utulivu, maana binti huyo hakubahatisha hata moja. Tazama 62 − 35. Kwenye mamoja ana 2 juu na 5 chini. Haiwezekani, basi kageuza: 5 toa 2 ni 3. Kwenye makumi 6 toa 3 ni 3. Jibu 33. Nenda 403 − 178: 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Ndiyo 375 hiyo. Na 700 − 256 vivyo hivyo, 6, 5, 5. Ana kanuni yake moja, "ndogo toa kwenye kubwa", na anaifuata bila kuteleza. Ile 58 − 23 kaipata kwa sababu pale kanuni yake na ya kweli zinakutana.

Mtoto huyu kila siku anafanya kazi kwa uaminifu, kisha anapigwa X bila kujua kwa nini, maana machoni pake za leo na za jana ni kitu kimoja. Mara nyingine kanuni ileile inampa pata. Hapo mtu yeyote angeogopa. Ukimwongezea mazoezi hamsini ya namna hiyo, atakosa hamsini kwa ufasaha.

Cha kufanya: tafuta vijiti. Funga vifungu vya kumi kumi kwa raba, na vifungu kumi ufunge tena pamoja viwe mia. Mpe 403: mamia manne, makumi hakuna, mamoja matatu. Mwambie "nipe 178, anza na nane". Atakwama, ana vijiti vitatu tu na makumi hana. Nyamaza. Mwache afikirie mwenyewe kwamba lazima afungue mia moja ipate kuwa makumi kumi, kisha afungue kumi moja. Sasa ana mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Atatoa 8 abaki na 5, atatoa makumi 7 yabaki 2, atatoa mia 1 yabaki 2. 225. Akishaona kwa mikono ile "kukopa" inatoka wapi, ndipo mwandike kwenye karatasi hatua zilezile, vijiti vikiwa bado mezani.

#14 Kipanga
Mwalimu, nimesoma mara mbili. Hii ya "ndogo toa kwenye kubwa" nimeikuta kwenye daftari la kijana wangu sasa hivi!

#15 Nondo Moja
Nimekuelewa mwalimu, nimepokea. Lakini basi jibu la mleta mada limepatikana: hajui, ndiyo maana anaogopa. Ukijaza pengo, hofu kwisha.

#16 Mdadisi
Usifunge uzi mapema. Chuo Kikuu cha Cambridge walipima zaidi ya watoto 1,700 wa Uingereza, matokeo yakatoka 2018. Kati ya wenye hofu kubwa ya hisabati, asilimia 77 walikuwa na alama za kawaida au za juu. Hao hawana pengo la maana na bado wanaogopa. Wengine wanasema ni duara: pengo linaleta hofu, hofu inamfanya mtoto akwepe, kukwepa kunaongeza pengo. Duara halina mwanzo ulio wazi.

Na kuna lingine. Lyons na Beilock 2012 waliwaweka watu wazima kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Wenye hofu kubwa, sehemu inayohusika na maumivu ya mwili iliamka walipoonyeshwa ishara kwamba hesabu inakuja. Wakati wa kufanya hesabu yenyewe haikuwa hivyo. Sasa msome tena Mama Zai: tumbo linauma anapoambiwa lete daftari. Msimwambie mtoto anasingizia.

#17 Mama Zai
Hiyo aya ya mwisho imenigusa sana. Ni kweli kabisa, akishaanza swali la pili au la tatu tumbo huwa halitajwi tena.

#18 Tabibu wa Kando
Niongeze upande ambao haujaguswa. Kuna watoto wenye diskalkulia, ugumu wa kuzaliwa nao wa kuzielewa namba. Makadirio mengi yanazungumzia watoto 3 hadi 7 katika 100. Huyu ukimwekea vitu vitatu mezani bado anavihesabu kimoja kimoja, havioni kwa mkupuo. Kuhesabu kurudi nyuma ni taabu, saa ya mishale ni taabu, jana kaelewa leo kimefutika kabisa, na hali haibadiliki mwaka hadi mwaka. Hofu inakuja juu yake, lakini chini kuna kitu kingine. Mama Zai, ni vizuri apimwe na mwanasaikolojia wa elimu, usije ukapoteza miaka na vijiti.

#19 Nyota ya Jioni
Mtoto anayejumlisha pointi za karata kichwani kumshinda kaka yake ana diskalkulia gani?

#20 Tabibu wa Kando
Sijamwambia anayo. Pointi za karata ni namba ndogo zinazojirudia, mtu anaweza kuzizoea. Nilimaanisha apimwe kama hali itaendelea baada ya kufundishwa vizuri.

#21 Mwalimu Mstaafu
Naungana na Tabibu kwenye hilo "kama itaendelea". Ila kanuni yake ya kutoa inanionyesha mtoto anayejua namba ipi kubwa na ipi ndogo bila kusita.

#22 Kalamu Nyeusi
Mimi ni mwalimu, bado nipo kazini. Mnazungumza nyumbani tu, darasani je? Kinachoua ni saa. "Maswali ishirini, dakika tano, anza!" Mtoto anayefikiri polepole anajifunza siku hiyo kwamba hesabu ni ya wenye mbio. Nina mwanafunzi alikuwa akitoka jasho mikononi mpaka karatasi inaloa. Nilimwondolea saa, nikamwambia afanye nne tu azitakazo kisha anieleze moja. Maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya anayeongoza darasa.

Maryam Mirzakhani wa Iran mwenyewe alisema yeye ni mtu wa polepole, na mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati hakufanya vizuri kwenye hisabati, mwalimu hakuona kipaji chochote. Akaja kuchukua Nobel ya hisabati.

#23 Mdadisi
Hisabati haina Nobel, mkuu. Alichukua medali ya Fields, tuzo ya juu ya wanahisabati, 2014, mwanamke wa kwanza. Lakini hoja yako imesimama. Hata Laurent Schwartz wa Ufaransa, aliyeipata 1950, aliandika kwamba shuleni alijiona mzito kwa sababu wenzake walijibu haraka kuliko yeye.

#24 Kalamu Nyeusi
Asante kwa sahihisho.

#25 Nondo Moja
Msitupe mifano ya watu wawili duniani. Mtihani una saa. Ukimlea bila saa, siku ya mtihani atazimia.

#26 Kalamu Nyeusi
Saa itakuja, lakini baada ya kuelewa, na ashindane na muda wake wa jana badala ya kushindana na jirani. Na jedwali lako unalolipenda linajengeka bila bakora. Hajui 7 × 8? Anajua 5 × 8 ni 40 na 2 × 8 ni 16, jumla 56. Au anajua 7 × 7 ni 49, ongeza 7. Akipita njia hiyo mara nyingi, 56 inakuja yenyewe, na siku ikipotea ana njia ya kuirudia. Aliyekariri kwa woga ikipotea imepotea.

#27 Bi Staha
Je, na hili la wasichana? Naona wazazi humu wanamtaja binti, na mimi nilikuwa binti wa aina hiyo.

#28 Nyota ya Jioni
Dada umeuliza la maana. Kwenye PISA wasichana hutaja hofu zaidi ya wavulana, hata pale alama zinapolingana. Na kuna utafiti wa Beilock wa 2010 kwamba mwalimu wa kike mwenye hofu ya hesabu anawaambukiza wanafunzi wake.

#29 Mdadisi
Nusu tu. Wavulana wa madarasa hayo hawakuathirika. Ni wasichana, na hasa wale ambao mwisho wa mwaka walikuwa wameshaamini kwamba hesabu ni za wavulana na kusoma ni kwa wasichana. Wasichana ambao hawakuwa na imani hiyo walifanya sawa na wavulana.

#30 Bi Staha
Basi maneno yana kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Nashukuru.

#31 Kipanga
Na urithi? Mama yake kijana wangu naye hesabu hazisikii.

#32 Mdadisi
Tafiti za mapacha zipo, moja ya 2014 ilikadiria kwamba karibu asilimia 40 ya tofauti kati ya watu kwenye hofu hii inahusiana na urithi. Sehemu kubwa iliyobaki ni mazingira. Usimsingizie mama peke yake, Kipanga.

#33 Mama Zai
Nimerudi na mrejesho wakuu. Vijiti vimefanya kazi kweli. Siku ya kwanza alikataa, akasema ni vya watoto wa chekechea, mpaka kaka yake alipoomba kujaribu naye ndipo akavinyang'anya. Alipofika 403 alikwama kama mwalimu alivyosema. Nikanyamaza, ilikuwa ngumu jamani! Akaikata raba ya mia kwa meno, vijiti vikatawanyika, akapiga kelele "kumbe!" Sasa anazitoa vizuri, hata zenye sifuri mbili.

LAKINI. Jana kulikuwa na jaribio shuleni. Kanijia na 62 − 35 = 33 tena. Nikamwuliza mezani, bila karatasi, kajibu 27 palepale. Anasema "nilisahau kila kitu mwalimu aliposema kalamu juu".

#34 Mdadisi
Nondo Moja, pengo limejazwa. Hofu iko wapi?

#35 Nondo Moja
Ametoka kujifunza juzi, mnataka nini? Kitu kipya hakijakomaa. Mpeni muda ndipo mniulize. Mwenyewe Mdadisi umesema akili ina nafasi ndogo, na kitu kisichokomaa ndicho kinachodondoka kwanza.

#36 Tabibu wa Kando
Nondo Moja leo kasema kitu cha haki. Mimi naongeza jambo moja la siku ya mtihani: aandike hofu zake kwenye karatasi dakika 10 kabla ya kuanza. Ramirez na Beilock, 2011, wanafunzi walioandika walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa hisabati.

#37 Mdadisi
Majaribio ya maabara yalikuwa ya hesabu, sawa. Ila ule mtihani halisi wa shule ulikuwa wa biolojia, na wanafunzi walikuwa wakubwa, darasa la tisa. Hisabati yenyewe kwa wenye hofu ilifuata kwenye utafiti wa 2014, nao ni wa watu wazima. Kwa mtoto wa darasa la nne sijui kama dakika 10 za kuandika hazitamchosha.

#38 Kalamu Nyeusi
Kwa wadogo mimi huwaacha wachore. Anachora hofu yake, anaikunja, anaiweka chini ya dawati. Wengine inawasaidia, wengine wanachora gari tu.

#39 Mwalimu Mstaafu
Mama Zai, hongera kwa kunyamaza, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sasa nenda kwa mwalimu wake kwa upole, usiende na lawama. Mwombe mambo mawili: asiitwe ubaoni bila kuambiwa mapema, na akikosa aonyeshwe hatua ipi ilikuwa sahihi kabla ya X. Na nyumbani mfanyie vijaribio vidogo sana, maswali mawili, la kwanza liwe analoliweza kwa hakika. Mwambie "kalamu juu" kwa sauti ya kawaida kabisa, mpaka maneno hayo yachakae. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwafundisha watoto wa darasa la tatu mmoja mmoja kwa wiki 8, na hofu ya wale waliokuwa na hofu kubwa ikashuka, hata kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Kwa hiyo mtoto anaifanya ileile hesabu anayoiogopa, ila akiwa na mtu mtulivu pembeni.

#40 Mama Zai
Nitaonana naye wiki hii. Asante sana mwalimu, na nyote.

#41 Kipanga
Samahani wakuu, na mimi nina langu. Kijana alipewa 8 + 4 = □ + 5. Kaandika 12. Nimemweleza weee, haelewi, sasa kanuna.

#42 Nondo Moja
Si ni 7? Mwonyeshe tu.

#43 Kalamu Nyeusi
Usimwonyeshe. Mwulize alama ya sawasawa inamaanisha nini.

#44 Kipanga
Nimemwuliza. Anasema inamaanisha "andika jibu".

#45 Mdadisi
Na ile 5 iliyobaki huko mwisho alidhani ni ya nini?

#46 Kipanga
Kasema ni ya swali linalofuata.

#47 Mwalimu Mstaafu
Basi una pa kuanzia. Mwandikie 12 = 8 + 4, jibu likiwa mbele, umwulize kama ni kweli au si kweli. Halafu 7 = 7. Halafu 8 + 4 = 4 + 8. Usiweke kisanduku chochote kwanza. Atabisha hiyo 7 = 7, wengi hubisha. Mwache abishe, uje utuambie kasemaje.